Kabla ya Kuvuta, Uliza Kusimama

Hivi karibuni nimenunua gari langu la kwanza la kulala: basi dogo lililokwishatumika, lenye kitanda na jiko. Nilitaka kupiga kambi na familia kando ya Ziwa Victoria, kutoka Bukoba hadi Muleba, nikivuta tela la mahema, maji na ndizi.

Dalali aliniambia, "Mzee, injini hii inavuta hata nyumba." Nikalipa. Kemondo tukiwa tumeiacha nyuma, tukishuka mteremko, ndipo nilipotambua swali nililosahau: je, linasimama? Tela halikuwa na breki zake. Lilitusukuma kama ng'ombe aliyekata kamba. Mke wangu aliwakumbatia watoto, kimya. Gia ndogo ndiyo iliyotuokoa.

Pipa la maji la lita 200 ni kilo 200, nami nililiweka nyuma kabisa. Mzigo ukilalia nyuma, tela huyumba. Uegemee mbele kidogo, yapata sehemu moja ya kumi ya uzito ikae kwenye ndoano. Tena, ukizidisha mwendo mara mbili, kazi ya breki huwa mara nne.

Sisi wa Kagera hatukustahili kusahau. Tarehe 21 Mei, 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na watu kupita uwezo wake, mamia walikufa. Basi mnunuzi mwenzangu, mzigo upimwe nyumbani, usisubiri upimwe mteremkoni. Kwaherini.