Kufuli la Nje: Wizi katika Vyumba vya Wanafunzi, Busia hadi Malaba



Alupe ilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2022, na tangu hapo vyumba vya kupangisha vimeendelea kuota kando ya barabara ya Busia kwenda Malaba. Wanafunzi wengine wa mji huu, wa KMTC miongoni mwao, wanapanga Burumba na Marachi. Vyumba vingi vinafanana: safu ya milango, paa moja la mabati, kufuli moja kwa kila mlango. Mwizi huanzia kwenye kufuli hilo.

Kufuli linaloning'inia nje linamtangazia kila apitaye kwamba mwenyewe hayupo. Tena, si lazima livunjwe. Kinachong'olewa mara nyingi ni kishikizo chake, kwa kuwa kimefungwa kwa skrubu fupi zinazoonekana, na bisibisi ya dukani inatosha. Dawa yake ni bolti inayopenya mlango na kukazwa kwa nati upande wa ndani. Bora zaidi ni kitasa kilichozama mlangoni, ambacho hakimwambii mpita njia kama mtu yuko ama ametoka. Gharama hiyo ni ya mwenye ploti, si ya mwanafunzi anayekaa muhula mmoja. Anayekusanya kodi ya vyumba kumi kila mwezi ana uwezo wa kununua vitasa kumi. Na mpangaji akihama, kitasa kibadilishwe, maana hakuna ajuaye funguo ngapi zilichongwa.

Liko jambo ambalo wapangaji wengi hawalioni mpaka wameibiwa. Katika nyumba nyingi za safu, kuta za kati huishia kwenye dari na hazifiki kwenye mabati. Mtu akiingia chumba kimoja kitupu, anapanda juu ya dari na kushukia cha tatu au cha nne, huku makufuli yote yakiwa mahali pake. Asubuhi lawama humwangukia jirani. Kabla ya kulipa kodi, mwanafunzi na ainue macho aulize ukuta unaishia wapi.

Dirisha lenye vyuma nalo halizuii fimbo ndefu yenye ndoano. Laptopu iliyoachwa mezani kando ya dirisha lililo wazi huvutwa na mtu ambaye hakuingia ndani hata kidogo. Mlango ulioachwa wazi dakika tano za kwenda kuoga, hayo kila mtu anayajua. Wakati wa likizo ndefu ploti nzima hubaki kimya. Laptopu na mtungi wa gesi visibaki humo.

Hapa mpakani saa ya kwanza ina thamani kuliko mahali pengine. Busia ni mji wenye nchi mbili, na njia za panya ni nyingi. Simu iliyoibwa saa nane usiku inaweza kuwa ng'ambo kabla ya alfajiri. Kwa hiyo mwenye simu abonyeze *#06# leo, aandike namba itakayojitokeza, aandike pia namba ya laptopu iliyo chini yake, apige picha risiti, kisha ampe mzazi nakala. Nakala iliyo ndani ya simu hiyo hiyo itaondoka nayo. Akiibiwa, aende kituo cha polisi akaandikishe taarifa apewe namba ya OB, au apige 999 au 112 ikiwa mwizi bado yuko. Asiguse kitasa wala dirisha mpaka polisi wafike.

Wanunuzi nao wasikie. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 304, inampa anayevunja nyumba na kuingia kwa nia ya kutenda kosa kifungo cha hadi miaka 7, na hadi 10 ikiwa ni usiku, yaani kati ya saa kumi na mbili na nusu jioni na saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Lakini kifungu cha 322 kinampa anayepokea mali akijua ni ya wizi hadi miaka 14. Laptopu ya bei ya kutupa, isiyo na chaja wala risiti, inajieleza yenyewe.

Mshukiwa akishikwa, akabidhiwe polisi au chifu akiwa mzima. Kumpiga mtu mpaka afe ni mauaji, na mwanafunzi aliyerusha jiwe atasimama kizimbani kama muuaji mwingine yeyote. Tena mara nyingine aliyepigwa ni yule jirani wa dari.

Polisi wako chini ya serikali ya kitaifa, ila taa za barabarani Katiba imezipa kaunti. Mulika mwizi ikizimika, mkazi apeleke taarifa kwa msimamizi wa wadi, ataje mahali hasa na siku ilipozimika.