Riwaya Masikioni: Kazi ya Sauti Katika Filamu Zilizotokana na Vitabu

Mtu akitoka kutazama filamu iliyotokana na riwaya anayoipenda, malalamiko yake huwa ya macho: mhusika hafanani na yule wa kitabuni, nyumba siyo, sura fulani imerukwa. Sauti haitajwi. Mada hii inashikilia kwamba ndani ya sauti ndimo riwaya huokoka au hupotea, kwa kuwa kazi ya msimulizi kitabuni mara nyingi huangukia sikio sinemani.

Joseph Conrad alisafiri mto Kongo mwaka 1890, na safari hiyo ikazaa Heart of Darkness. Marlow anasimulia kisa chake usiku, mashuani, katika mto Thames. Giza limewafunika hata wenzake hawamwoni, wanamsikia tu. Naye Kurtz, kabla hawajakutana, humjia mawazoni kama sauti. (Wakongo wenyewe wamepewa makelele na ngoma, maneno yao ni ya kuhesabika; mwandishi Chinua Achebe aliishutumu vikali riwaya hiyo, na alikuwa na haki.)

Francis Ford Coppola alipokitumia kisa hicho katika Apocalypse Now (1979), alibadili mto na nchi, akaongeza vita, lakini hilo la sauti akalishika. Willard, askari anayetumwa kumtafuta Kurtz, anamsikia kwenye mkanda uliorekodiwa, muda mrefu kabla Marlon Brando, anayemwigiza Kurtz, hajatokea. Walter Murch, aliyebuni sauti za filamu hiyo, anaifungua kwa mapanga ya helikopta yaliyotengenezwa kwa sinthesaiza. Yanavuma juu ya msitu unaowaka, kisha yanaungana na feni ya dari katika chumba cha hoteli mjini Saigon. Willard amelala kitandani, akili yake bado iko vitani: feni imeyasema hayo kabla yeye hajafungua kinywa.

Ukimya nao ni sauti. Cormac McCarthy aliandika No Country for Old Men (2005) bila alama za kunukuu; ndugu Coen, katika filamu yao ya 2007, wakauondoa karibu muziki wote. Hotelini, simu inalia mapokezi na hakuna anayepokea. Nyayo zinakaribia mlangoni. Basi.

Hata hivyo, mfano mzito kuliko yote ni The Zone of Interest. Riwaya ya Martin Amis (2014) ina wasimulizi watatu, na mmoja wao ni mfungwa anayelazimishwa kushughulikia maiti za Wayahudi wenzake. Jonathan Glazer, katika filamu ya 2023, aliwaondoa wote watatu. Kamera haituonyeshi mauaji ya Auschwitz. Kwa sehemu kubwa inabaki nyumbani kwa kamanda Rudolf Höss, kwenye bustani na bwawa la watoto, ukuta mmoja tu kutoka kambini. Kutoka ng'ambo ya ukuta zinakuja risasi, mbwa, mayowe na mngurumo wa tanuri usiokoma. Mbunifu wa sauti Johnnie Burn alitumia muda mrefu akitafiti na kukusanya sauti hizo, na yeye na Tarn Willers wakapata Oscar mwaka 2024. Ushahidi wa yule mfungwa haukufutwa, umehamia masikioni. Mtazamaji anasikia kile ambacho familia ile imejizoeza kutokisikia, na hawezi kufumba masikio kama afumbavyo macho.

Kwetu, Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu (2021), nafasi ya Mwajuma alimpa Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar. Kumchagua mwigizaji kukawa pia kuchagua sauti, na ni chaguo la kupongezwa.

Zoezi la mchana litahusu riwaya nyingine ya Shafi, Kuli, kuhusu wapakizi wa bandari ya Zanzibar. Kila kundi litapitia sura moja na kupigia mstari kila kinachosikika. Kisha lijibu swali hili: kabla ya kutafuta gati la kupigia picha, kazi ya bandarini wakati wa mgomo wa wapakizi wa 1948 ilikuwa na sauti zipi, na ni mzee gani aliye hai awezaye kuzieleza?