Tuulize Kabla ya Kulipa Karo



Vijana wetu kadha waliopata digrii ya kwanza sasa wanataka kusomea kazi ya kuwashauri watu wenye taabu za akili, na wengine wanaandikia vyuo vya Marekani. Kazi ni njema. Sisi wa reli twaijua hali ya dereva ambaye mtu amegongwa na gari lake: hupewa siku za kupumzika, lakini mtu wa kuzungumza naye mara nyingi hapati.

Lakini karo tunaikopa sisi, basi na tuulize. Kule Marekani liko baraza liitwalo CACREP, lililoanzishwa mwaka 1981, ambalo hukagua mafunzo ya washauri. Digrii ya pili linayoikubali huchukua kama miaka 2 au 3. Tena mwanafunzi hufanya kazi chini ya msimamizi, saa 100 za kujizoeza kisha saa 600 nyingine. Hili halitushangazi, maana hata kwetu hapewi mtu injini kwa kufaulu kitabu tu.

Chuo kuwa na idhini hakutoshi. Ulizeni kama mafunzo hayo yenyewe yamekubaliwa. Na atakayerudi Kenya ataikuta sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, inayomtaka aandikishwe na Bodi kabla ya kuanza kazi. Kijana aiandikie Bodi hiyo sasa, na jibu lije kwa maandishi. Mkopo hukatwa mshaharani hata digrii ikikataliwa.