Visima vya Isaka na Bonde la Chemchemi Yetu

Maneno yaliyosemwa na katekista mbele ya Wakristu na Waalimu wa Ikuti, katika siku za Yubile



Tumeombwa kusema neno katika Yubile hii. Waliotutangulia wamekwisha kueleza jinsi Jimbo letu lilivyokuwa Prefektura ya Tukuyu, likawa Vikarieti ya Mbeya mwaka 1949, Jimbo mwaka 1953, na Jimbo Kuu mwaka 2018. Hayo yamesemwa vizuri, wala hatutayarudia. Sisi tumekuja kusema juu ya shimo la maji. Msicheke.

Katika kitabu cha Walawi twasoma ya kwamba mwaka wa Yubile, yaani mwaka wa hamsini, haukuwa wa watu peke yao. Ardhi nayo ilikuwa na haki yake: haikupandwa, na mashamba yaliyouzwa yalirudi kwa wenyewe. Basi mtu afanyaye Yubile kwa ng'ombe na ngoma, huku ardhi imelala mgonjwa chini ya dirisha la kanisa, amefanya nusu ya Yubile.

Twamkumbuka pia Isaka. Abrahamu baba yake alichimba visima, naye alipokufa Wafilisti wakavifukia kwa udongo. Isaka hakukaa akilia. Alivifukua tena, akaviita kwa majina yale yale ambayo baba yake aliviita. Lakini habari haikuishia hapo. Alipochimba visima vingine, wachungaji wa Gerari walimgombania maji, kisima cha kwanza na cha pili, hata akapata cha tatu kisicho na ugomvi. Mahubiri mengi huanzia kwenye kile cha tatu. Sisi leo tutakaa zaidi kwenye vile viwili vya ugomvi, kwa sababu ndipo tulipo.

Bonde lililo chini ya kanisa mwalijua. Wazee wasema ya kwamba zamani chemchemi yake haikukauka hata mwezi wa tisa, na mikuyu mikubwa ilisimama pande zote. Kina mama walichota hapo, na wakatekumeni waliotoka mbali walipumzika kivulini wakikariri sala kabla ya mafundisho. Palikuwa mahali pa wote. Halafu pakawa si pa mtu, na mahali pasipo pa mtu hugeuka jalala. Milingoti ikapandwa, wengine wakafyatua matofali ukingoni, wengine wakalima, na taka zikatupwa. Kisima cha Abrahamu kilifukiwa na Wafilisti. Chetu tulikifukia wenyewe, tena wabatizwa.

Yafaa tuseme wazi jinsi jambo hili lilivyotokea, maana sisi tufundishao dini tuna fungu letu ndani yake. Katika nchi hii ya Unyakyusa malafyale alizikwa ndani ya kichaka, na kichaka kile hakikukatwa. Bwana Godfrey Wilson na mkewe Monica, waliokaa huku kati ya mwaka 1934 na 1938 wakichunguza desturi, waliandika habari za vichaka hivyo, na hasa kile cha Lubaga, mahali pa Lwembe. Mtu hakuingia na shoka, kwa kuwa aliogopa. Ndipo ikaja Injili, ikatuambia tusiogope mizimu. Neno hilo lilikuwa kweli, nasi twalifundisha hata leo. Lakini hofu ilipoondoka mlangoni pa kichaka, hatukuweka mlinzi mwingine mahali pake. Hatukumwambia Mkristu mpya: mti huu hauna mzimu, walakini ni wa Kyala aliyeuumba, na maji yaliyo chini yake ni ya jirani yako. Tulinyamaza, na shoka likaingia.

Jambo hili si la Rungwe tu. Mama Wangari Maathai wa Kenya, aliyesomeshwa na masista Wakatoliki huko Nyeri na Limuru, aliandika ya kwamba alipokuwa mtoto mama yake alimkataza kuokota kuni chini ya mkuyu uliokuwa karibu na kijito, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Alipokuwa mtu mzima alirudi akakuta mkuyu umekatwa, ili mwenye shamba apate nafasi ya kupanda chai, na kijito kimekauka. Sisi tunaokaa katika nchi ya chai hatuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mama yule alianza kazi yake ya kupanda miti pamoja na wanawake mwaka 1977; mwezi wa Januari 1999 alipigwa akijeruhiwa kichwani kwa sababu ya kuutetea msitu wa Karura, Nairobi; na mwaka 2004 akapewa nishani ya amani ya Nobel. Karura ulikuwa msitu ambao watu waliuogopa kwa sababu ya wanyang'anyi. Kuanzia mwaka 2009 wakaazi waliungana na idara ya misitu, wakauzungushia ua na kuweka walinzi, na baadaye familia zikaanza kutembea humo na watoto wao pasipo woga.

Karibu zaidi, tuutazame Mlima Rungwe wenyewe, wenye urefu wa karibu mita 2,960. Msitu wake ulikatwa kwa mbao na mkaa miaka mingi. Mwaka 2003 wachunguzi walimwona humo nyani mdogo aitwaye kipunji, na mwaka 2005 habari zake zilipotangazwa wataalamu wa ulimwengu walistaajabu, ijapokuwa wawindaji wetu walikuwa na jina lake tangu zamani. (Ndivyo ilivyo mara nyingi: kitu hugunduliwa siku anapokiona mgeni.) Mwaka 2009 serikali iliufanya msitu huo kuwa hifadhi ya mazingira asilia. Twayataja hayo kwa kuwa mvua inayoangukia mlima ule ndiyo huijaza mito yetu, Kiwira na Mbaka, hata Ziwa Nyasa. Chemchemi yetu ni mtoto mdogo wa ukoo huo.

Basi tulianzaje? Tulianza vibaya. Tulipanda miche mingi siku moja ya mwezi wa saba, kwa sababu siku hiyo tulikuwa na wageni, na wageni wapenda kupiga picha na mche. Mwezi wa tisa ulipofika, karibu yote ilikuwa imekufa, na iliyosalia ikaliwa na mbuzi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alituambia kwa upole ya kwamba miti haina habari na ratiba ya wageni. Mara ya pili tulingoja mvua za mwezi wa kumi na mbili. Tulichomeka vipande vya mkuyu, maana mkuyu hushika mizizi kwa kipande, na kupanda mizambarau mwitu ipendayo maji, ile ambayo huko Njombe huitwa mivengi, pamoja na mianzi upande wa chini udongo unapoporomoka.

Kazi ya milingoti ilikuwa ngumu zaidi. Mti huu asili yake ni Australia, nao hukua upesi. Wafaa kwa nguzo na kuni, nasi hatuwalaumu waliouleta. Kosa letu ni kuupanda mdomoni pa chemchemi, maana hunywa maji mengi. Tena ukiukata hufi. Kisiki huchipua machipukizi kumi mahali pa shina moja. Yapasa kisiki kimenywe gome hata chini ya ardhi, na machipukizi yang'olewe kila mara, mwaka baada ya mwaka. Mbao zake tulizitumia kwa ua wa kuzuia mbuzi na kwa viti vilivyoko bondeni sasa.

Sasa twafika kwenye ugomvi. Sheria ya nchi ya mwaka 2004 juu ya mazingira yakataza kazi za watu zenye kuharibu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Tulikwenda na wajumbe wa serikali ya kijiji, tukapima kwa kamba. Kamba ilipokwisha, tuliona mambo mawili ndani yake. La kwanza ni bustani ya viazi ya makatekista. Naam, ni yetu sisi. Tulikuwa tumeilima miaka saba, tukisema ni ardhi ya kanisa. La pili ni shamba dogo la magimbi la mama mmoja mjane.

Bustani yetu tuliiacha, ingawa hatutadai ya kwamba tuliiacha kwa furaha. Mmoja wetu aliomba tuvune kwanza, nasi sote tukaona ombi lake ni la busara. Lakini yule mama alitutazama akasema, "Waalimu, ninyi mna mshahara mdogo, lakini mnao. Mimi nina magimbi haya. Mkinitoa hapa, maji yenu mtayanywa na nani?"

Hatukuwa na jibu. Wengine walisema sheria ni sheria. Wengine walisema aachwe, kwa kuwa ni mjane, na shamba lake ni dogo. Sisi tuliona ya kwamba tukimwacha, kesho atakuja mwenye nguvu aseme na yeye aachwe. Na tukimtoa hivi hivi, tutakuwa tumefukua kisima cha Isaka na kumzika mtu ndani yake. Shauri lilikwenda kwa Baba Paroko na halmashauri ya walei, likakaa huko miezi minne. Mwishowe kanisa lilimpa mama yule kipande cha shamba lake la migomba, kikubwa kuliko kile cha magimbi, kwa maandishi na mashahidi, naye akaruhusiwa kuvuna magimbi yake yote kwanza. Wapo wasemao hata leo ya kwamba kanisa limetoa mali yake ovyo. Twaujua mnung'uniko huo, na wenye kunung'unika wameketi hapa. Tunawaomba watuambie njia nyingine iliyokuwapo.

Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha ya kwamba kilio cha nchi na kilio cha maskini husikilizwa pamoja. Tuliposoma maneno hayo mara ya kwanza tuliyaona mazuri. Tuliyaelewa siku ile ya kamba.

Maji hayakurudi upesi. Kiangazi cha kwanza na cha pili chemchemi ilikauka kama zamani. Kiangazi cha tatu tope halikukauka, na wakati wa mvua vyura walisikika tena, jambo lililowafurahisha watoto kuliko wazee. Mwaka uliopita maji madogo yalitiririka hata mwisho wa mwezi wa tisa, yasiyofika unene wa kidole. Mikuyu imepita kimo cha mtu. Wanafunzi huja bondeni na Waalimu wao kujifunza majina ya miti, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, na wazee wawili wamekubali kuwafundisha majina ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyasahau. Vijana wa kwaya hufanyia mazoezi yao huko, na hatujaambiwa bado kama kina mama wachotao maji wanaupenda wimbo wao mpya.

Yamesalia mambo mawili. Taka zingali zikitupwa usiku upande wa barabara, na atupaye hatumjui; tumeomba serikali ya kijiji ichimbe shimo mahali pengine, maana kumkataza mtu pasipo kumwonyesha pa kutupa ni kazi bure. Na visiki vya milingoti upande wa magharibi vimechipua tena. Jumamosi hii, baada ya Misa ya asubuhi, tutashuka kuving'oa. Kila jumuiya ilete mapanga mawili na jembe moja, na Waalimu watuletee watoto wa darasa la sita na la saba. Mbuzi wabaki nyumbani.