Kuhesabu Vichwa Baada ya Korona

Msikilizaji, hebu jaribu kujifunza kushona kidonda kwa simu. Mhadhiri yuko Nairobi. Wewe uko Busia, chini ya mwembe, maana hapo ndipo mtandao unaposhika. Bando limebaki kidogo, na kidonda chenyewe hakipo. Kando yako ameketi mwenzako wa historia. Macho yanamuuma, shingo imekakamaa, lakini anasoma.

Tarehe 15 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba shule na vyuo vifungwe, amri ilikuwa moja ila idara hazikuubeba mzigo sawa. Sheria, biashara na lugha zilihamia mtandaoni zikichechemea. Udaktari, uhandisi na kilimo zilikwama, kwa kuwa wodi, karakana na shamba havihamishiki. Utalii ndio usiseme. Hata kama mihadhara iliendelea, mwanafunzi angekwenda kufanyia mazoezi hoteli gani? Mwaka huo wageni walioingia Kenya walishuka kutoka takriban milioni 2 hadi chini ya laki 6.

Tangu hapo tumekuwa na mchezo wa kuhesabu vichwa. Idara hii imejaa, basi inapendwa. Ile imepungukiwa, basi imepitwa na wakati, tuifunge. Mimi nasema hesabu hiyo, hapa kwetu, inatudanganya.

Tazama mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, wa 2020, uliosogezwa ukafanywa Machi na Aprili 2021. Waliopata alama ya C+ na zaidi, yaani wanaofaa kuingia chuo kikuu, walikuwa 143,140. Mwaka uliotangulia, kabla ya korona, walikuwa 125,746. Watahiniwa waliokaa nyumbani miezi na miezi ndio waliotoa wengi zaidi! Mlango wa vyuo vyetu, basi, hupanuliwa au kubanwa na matokeo ya mtihani, na hao wote lazima wapate pa kuketi.

Nani huwapangia viti? Shirika la KUCCPS, kwa kuangalia alama na nafasi. Kozi kama ya uuguzi haiwezi kuongeza wanafunzi kiholela, kwa sababu vitanda vya kujifunzia hospitalini ni vile vile na wakufunzi ni wale wale. Binti aliyewaona wauguzi wakivaa magwanda ya kujikinga akasema “nami nitakuwa kama wao,” akazidiwa kwa alama chache tu, anaweza kuishia katika kozi aliyoiandika mwisho kabisa. Huko atahesabiwa kichwa, na mkuu wa idara atafurahi kwamba idara yake inapendwa. Kumbe palikuwa na kiti tu.

Uingereza mambo yalionekana wazi zaidi, kwa kuwa huko huhesabiwa walioomba pia. Mwaka 2021 waombaji wa uuguzi waliongezeka kwa karibu theluthi moja. Watu waliguswa. Lakini kufikia 2024 idadi ilikuwa imeporomoka. Hamu iliyoletwa na korona iliondoka nayo. Mkuu wa chuo ambaye angejenga majengo kwa kufuata wimbi la 2021 angebaki na kumbi tupu. Marekani nako, msimu wa masomo ulioanza karibu Septemba 2020, vyuo vya jamii, vile vya ada nafuu, vilipoteza takriban mmoja katika kila wanafunzi kumi. Je, ufundi wa magari unaofundishwa huko ulikuwa umepoteza maana? Hasha. Injini haifunguliwi kwa kutazama kioo cha kompyuta, na mwenye kipato kidogo alilazimika kutafuta mkate kwanza.

Kwa hiyo nina maombi mawili. La kwanza, KUCCPS iwe inatangaza kwa kila kozi namba mbili zikiwa bega kwa bega: wangapi waliichagua kwanza, na wangapi walipangiwa. Hapo tutajua penye wito na penye kiti tu. La pili, kila chuo kitueleze, idara kwa idara, ni wangapi kati ya walioingia 2019 waliomaliza. Walioingia ni nusu ya hesabu. Nusu nyingine ni wale walioondoka taratibu, bila barua, kwa kuwa bando liliisha, au mzazi alipoteza kazi, au maabara ilichelewa kufunguliwa.

Kabla ya chuo chochote kufunga idara ya historia au ya isimu kwa sababu safu za nyuma zimebaki wazi, kituonyeshe kwanza namba hizo. Nami nina swali dogo la nyongeza: yule aliyekuwa akijifunza kushona kidonda chini ya mwembe, alipatiwa wodi lini?