Chai ya Bustanini ni Chai, Si Dawa ya Malaria

(Maneno ya Idara ya Maendeleo kwa kamati za parokia na wageni wafadhili, mkoani Kagera)



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba yenu msimu huu wa kupanda maharage mkaja kutusikiliza. Tumeombwa tuzungumzie bustani za viungo vya chai majumbani. Tutaanza na yale yanayokwenda vizuri, halafu tutasema lile lililotufanya tuombe nafasi hii.

Mchaichai ndio tuliouanza, na hadi leo ndio unaotupa furaha zaidi. Haununuliwi. Mwenye shina kubwa analing'oa, analigawa vipande vyenye mizizi, anapunguza majani na kumpa jirani. Mvua za vuli zikianza, panda pembezoni mwa kibanja, mahali panapopata jua, si chini ya migomba, kwa sababu kivuli huufanya urefuke bila harufu. Acha nafasi ya karibu mita moja kati ya shina na shina. Akina mama wengi walipanda karibu karibu kama vitunguu, na baada ya mwaka mmoja hawakuweza kupitisha hata mkono. Unapovuna, kata kiganja kimoja juu ya ardhi, using'oe. Baada ya miaka mitatu au minne shina huzeeka katikati. Ling'oe, uligawe upya. Wapo wasemao mchaichai hufukuza nyoka. Sisi tunachojua ni kwamba haufukuzi kuku, kwa hiyo wekeni uzio.

Mnanaa upandwe katika ndoo iliyotoboka, la sivyo utatambaa bustani nzima. Mrehani ukatwe maua mapema ili uendelee kutoa majani. Tangawizi inataka subira ya miezi minane au zaidi, udongo laini na mbolea ya samadi iliyooza. Yote haya humwagiliwa maji yaliyooshea mboga au mchele, lakini si maji yanayotiririka kutoka chooni au bafuni, kwa kuwa majani haya tunayanywa.

Katika kukausha ndipo kazi nyingi huharibika. Tumepokea mifuko ya mchaichai wenye rangi ya nyasi kavu, usio na harufu yoyote, kwa sababu ulianikwa juani juu ya bati. Harufu ndiyo mali yenyewe, na jua kali huiondoa. Osha majani, yakung'ute maji, yakatekate, uyatandaze kivulini juu ya wavu au kitambaa safi, mahali penye upepo. Jani likivunjika kwa sauti vidoleni, limekauka. Likipinda tu, ukilifungia kwenye kopo litaota ukungu, na majani yenye ukungu yatupwe, hata kama inauma.

Faida yake nyumbani ni ya kweli ingawa ni ndogo. Familia hupunguza kununua majani ya dukani, na watoto hupata kinywaji cha moto kisicho na kafeini. Tuseme ukweli pia kwamba gharama kubwa ya chai yetu ni sukari, na sukari haioti bustanini.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Miaka iliyopita sisi wenyewe, idara hii, tuligawa miche ya artemisia pamoja na mchaichai. Ni mmea wa jamii moja na pakanga inayotajwa katika kitabu cha Ufunuo, na mnajua uchungu wake. Tulitoa na karatasi yenye maelezo ya kuchemsha majani kwa ajili ya malaria. Tuliamini tunafanya jema. Katika kigango kimoja, mama mmoja alifuata karatasi ile neno kwa neno. Mtoto wake wa miaka mitatu alipata homa, akamnywesha chai ile asubuhi na jioni. Siku ya pili homa ilishuka, mama akamshukuru Mungu. Siku ya nne mtoto alikuwa mweupe viganjani na anahema kwa shida. Alifikishwa hospitali kwa bodaboda, akaongezewa damu. Alipona. Baadaye mama yule alikuja ofisini na ile karatasi mkononi, akaiweka mezani, akauliza ni nani aliyeiandika. Hakuwa mzembe. Tulioiandika ni sisi.

Wengi wenu mtauliza: je, dawa mseto haitokani na mmea huo huo? Ni kweli. Ndiyo sababu jambo hili linawachanganya hata wasomi. Mtaalamu wa China, Tu Youyou, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015, ndiye aliyeongoza kazi ya kuipata dawa iliyomo ndani ya artemisia. Angalieni alivyoipata. Majani yaliyochemshwa hayakumpa matokeo ya kutegemewa. Alisoma katika kitabu cha kale cha tiba kwamba majani yaliloweshwa majini na kukamuliwa, akafikiri huenda moto ndio unaoharibu. Mwaka 1971 alitumia kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, si maji, na hapo ndipo akafanikiwa.

Dawa hiyo, artemisinini, haiyeyuki vizuri katika maji. Kiasi chake hutofautiana kati ya mche na mche, na kati ya mavuno na mavuno. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na kidogo, kingine karibu hakina kitu. Aidha, hudumu mwilini kwa saa chache tu. Ndiyo maana katika dawa mseto imeunganishwa na dawa nyingine inayokaa siku nyingi na kuwamaliza vimelea waliobaki. Dozi ndogo ndogo za chai hupunguza homa bila kumaliza vimelea, na wale wanaobaki hujifunza kuistahimili. Shirika la Afya Duniani lilitoa tamko la kutounga mkono chai hii kwa malaria mwaka 2012, likalirudia mwaka 2019. Nasi wa Kagera jambo hili lipo mlangoni: vimelea vilivyoanza kuistahimili artemisinini vimeonekana Rwanda, Uganda na katika mkoa wetu huu.

Mwaka 2020 kinywaji cha artemisia kutoka Madagaska kilipoletwa nchini kwa ajili ya korona, maombi ya miche yaliongezeka ofisini kwetu. Bado yanakuja. Katika maombi ya msimu huu, parokia tatu zimeandika "bustani ya dawa asilia ya malaria". Tunajua kwa nini: zahanati iko mbali, na wakati mwingine ukifika unaambiwa dawa zimekwisha. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini hayajibiwi kwa kumpa mama kikombe kisichojulikana kipimo chake.

Wageni wetu wafadhili, tunajua kwamba bustani ya dawa huvutia zaidi kwenye picha kuliko nauli ya mgonjwa. Tunawaomba mtusaidie hili lisilovutia: mfuko mdogo wa usafiri katika kila kigango, ili mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo maombi hayo matatu tumeyarudisha, hatukuyakataa. Yaandikwe upya kama bustani za viungo vya chai, na orodha ya miche isiwe na artemisia. Waliokwisha kuipanda hatuwaambii waing'oe leo. Tutapita kila kigango kuzungumza nao na kukusanya ile karatasi ya zamani. Yeyote aliye nayo, atuletee.

Wanaotaka kuuza, pakiti iandikwe "chai" na si "dawa". Chakula kinahitaji alama ya TBS, na dawa asilia ina baraza lake na sheria yake ya mwaka 2002. SIDO wanaweza kuwaelekeza kuhusu ufungashaji. Mwenye kutumia vidonge vya shinikizo la damu au mjamzito aulize zahanati kabla ya kunywa viungo hivi kila siku, na mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe chai ya aina yoyote.

Mashina ya mchaichai yapo nyuma ya ofisi, yamekwisha kugawanywa. Kila kamati ichukue ya kutosha vigango vyake kabla ya kuondoka. Tafadhali njooni na magunia yenu, yetu yameisha.