LIKIZO NA MTOTO MDOGO NYUMBANI

(Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kujisaidia)

Tunajua kuna ng'ombe wanaongoja kukamuliwa, kwa hivyo hatutawaweka sana.

Leo hatuzungumzi juu ya mikopo wala kuku. Shule zikifungwa mwisho wa mwaka, boma hubadilika. Wakubwa wamerudi, wageni wanakuja, baba anatoka Nairobi au Mombasa, na kazi ya shamba haijaisha. Katikati ya hayo yote kuna mtoto wa mwaka mmoja au miwili anayeanza kutembea. Yeye hajui likizo ni nini. Anachoona ni kwamba nyumba imejaa watu, mama hapatikani na wakati wa kulala umepotea. Basi tuulizane: tufanye nini ili siku hizi zimjenge mtoto huyu, zisimwumize?

Baba anaporudi

Jambo hili tumelisikia katika maboma mengi. Baba amekaa mjini miezi minne au mitano. Anafika na mkate, na nguo mpya ya mtoto. Ananyoosha mikono ambebe, na mtoto anapiga kelele na kujificha nyuma ya leso ya mama. Watu wanacheka. Baba hacheki. Jioni anasema, "Umemfundisha mtoto kunichukia," na siku ambazo zingekuwa za furaha zinaanza kwa ugomvi.

Wazee, mtoto huyo hajafundishwa chuki. Kuanzia karibu miezi 8 au 9 mtoto hutofautisha uso anaoujua na uso mgeni, na huogopa mgeni. Hofu hiyo ni dalili ya akili inayokua. Na kwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, miezi mitano ni karibu theluthi ya maisha yake yote. Atakukumbukaje?

Dawa yake ni rahisi. Ukifika, usimnyakue. Keti chini, uwe kimo chake, uzungumze na mama yake kwa sauti ya upole. Mtoto akiona mama ametulia, naye atatulia. Weka kitu mkononi, hata gunzi la mahindi, umwache aje mwenyewe. Siku ya pili mnyweshe uji, mwogeshe mama akiwa karibu. Siku ya tatu au ya nne, wengi wao hawataki kubanduka kwa baba. Na kabla ya safari, baba apige simu mara kwa mara, sauti iwekwe juu mtoto aisikie.

Tunajua kuna wazee wanaosema kuogesha mtoto ni kazi ya kina mama. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi, na kwamba baba na mama wana wajibu ulio sawa. Lakini hata kama sheria isingesema, zile siku kumi ulizopewa na mwajiri wako ni chache. Ukizimaliza sokoni na marafiki, utarudi mjini ukiwa bado mgeni kwa mtoto wako.

Msichana anayebeba mtoto

Katika boma moja tulimwuliza msichana wa darasa la tatu amefanya nini likizoni. Akajibu kwa maneno mawili: "Nimebeba mtoto." Hakuwa ananung'unika. Alikuwa anatuambia ukweli, na mtoto alikuwa mgongoni mwake wakati huo huo.

Kusaidia kulea ni desturi nzuri kwetu. Ndivyo wengi wetu tulivyojifunza ulezi. Lakini kumsaidia mama ni tofauti na kuachiwa mtoto kuanzia asubuhi mpaka jua kutua. Msichana wa miaka 9 naye ni mtoto. Akisikia wenzake wanaruka kamba, macho yake yatakwenda huko. Mtoto akichoma mkono, mtamlaumu nani? Hatari kubwa haifai kuwekwa juu ya mabega madogo.

Tunapendekeza hivi: mkubwa amwangalie mdogo kwa saa moja au mbili, mtu mzima akiwa anasikia sauti zao. Baadaye apate muda wake wa kucheza na kusoma. Na zamu hiyo iwe ya wavulana pia. Mvulana anayejua kumtuliza mdogo wake atakuwa baba asiyeogopwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1990, unataja kupumzika na kucheza kuwa haki ya mtoto. Haki hiyo ni ya yule wa mgongoni, na pia ya yule anayembeba.

Michezo isiyonunuliwa

Mama mmoja alituambia, "Ningependa mtoto wangu acheze, lakini vitu vya kuchezea ni vya matajiri." La, mama. Mtoto wa umri huu anataka vitu vitatu: kutembea, kugusa na kusemeshwa. Shirika la Afya Duniani lilisema katika mwongozo wake wa 2019 kwamba mtoto wa mwaka 1 hadi 4 anahitaji angalau dakika 180 za kujinyoosha na kucheza kila siku. Ni saa 3, lakini si kwa mfululizo. Wa mwaka mmoja asiwekwe mbele ya televisheni au simu kabisa, na kuanzia miaka 2 isizidi saa moja kwa siku. Kwa hiyo simu ya mjomba si mlezi.

Haya ndiyo mnayoweza kufanya bila shilingi moja:

1. Mpira. Zamani tulifunga makaratasi ya plastiki kwa kamba. Tangu 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku, lakini matambara yaliyokazwa kwa kamba ya migomba yanafanya mpira mzuri tena laini.

2. Sufuria kuukuu, mwiko na vifuniko. Atapiga ngoma, atafunika na kufunua. Vumilieni kelele hizo, ndiyo shule yake.

3. Boksi kubwa la dukani. Leo ni gari, kesho ni nyumba.

4. Kazi ndogo ndogo. Apeleke gunzi kwenye rundo, arushie kuku punje chache, ashike nguo wakati mama anaanika. Itachukua muda zaidi, lakini mtoto anajiona mtu katika boma.

5. Hadithi na majina ya vitu. "Huyu ni mbuzi. Mbuzi anakula nini?" Tumia lugha ya nyumbani, ile unayoijua vizuri. Nyanya na babu ni walimu wakubwa hapa.

Angalieni jambo moja. Kitu kidogo kinachoweza kuingia chote mdomoni, kama jiwe, kifuniko cha soda au betri ya redio, kisiwe cha kuchezea.

Hatari za siku za shughuli

Methali inasema mtoto akililia wembe mpe. Maana yake ni kwamba mkaidi atajifunza kwa maumivu. Kwa huyu wa mwaka mmoja na nusu methali hiyo haifai, kwa sababu si mkaidi, ila hajui. Sisi ndio wa kujua kwa niaba yake.

Maji. Mtoto anayeanza kutembea anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu, kwa sababu kichwa chake ni kizito na akiinamia ndoo hawezi kujiinua. Wala hapigi kelele. Mwageni maji ya beseni mkimaliza kufua. Mitungi na mapipa yafunikwe. Shimo la maji lizungushiwe ua.

Moto. Siku za wageni jiko la mawe matatu linawaka mchana kutwa na sufuria kubwa za chai ziko chini. Wekeni mpaka wa vijiti au benchi ambao mtoto havuki. Akiungua, mmwagilieni maji safi ya baridi, si barafu, kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, unga wala mafuta. Funikeni kwa kitambaa safi, mwende hospitali.

Mafuta ya taa na dawa za shamba. Msiziweke kamwe ndani ya chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anaona soda. Akinywa mafuta ya taa, msimtapishe wala msimnyweshe maziwa ili atapike, kwani yanaweza kuingia mapafuni. Kimbieni hospitali mkiwa na chupa hiyo.

Chakula. Karanga nzima, mahindi makavu ya kukaanga na pipi ngumu humkaba mtoto. Karanga zisagwe, zitiwe katika uji.

Siku ya karamu, mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa wa zamu, asiyekunywa pombe, na kazi yake iwe mtoto huyo tu. Kila mtu akifikiri mwenzake anaangalia, hakuna anayeangalia.

Sahani ya Krismasi na mfuko wa safari

Sikukuu nyingi mtoto hushiba soda na biskuti, ikifika nyama ameshalala. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unasema watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe vinywaji vitamu, na kila siku wapate nyama, samaki au yai. Basi mtengeeni sahani yake kwanza, kabla ya wageni: nyama iliyokatwa vipande vidogo sana au omena waliosagwa, mboga na viazi. Tumezoea kumpa mgeni paja na mtoto mchuzi. Mgeni atapata nyama kwake. Huyu anajenga mwili na ubongo sasa hivi. Na anayenyonya aendelee kunyonya mpaka miaka 2 na zaidi, hata mbele ya wageni.

Usingizi pia ni chakula. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2 anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Kitanda chake kikipewa mgeni, apate mahali pengine penye kimya, na chandarua chake kimfuate.

Mkienda kwa nyanya, bebeni chandarua na kijitabu cha kliniki. Chanjo ya surua na rubela hutolewa miezi 9, na tena miezi 18. Hii ya pili wengi husahau kwa sababu mtoto anaonekana mzima. Vitamini A hutolewa kila miezi 6 mpaka afikishe miaka 5. Siku yake ikifika mkiwa safarini, nendeni kliniki iliyo karibu na kijitabu chenu.

Kikundi kifanye nini?

Mnajua mzunguko wa pesa. Kwa nini msiwe na mzunguko wa ulezi? Nchini Bangladesh, vijiji vilianzisha mahali pa kutunza watoto wa miaka 1 hadi 5 asubuhi, saa ambazo kina mama wana kazi nyingi, na vifo vya kuzama vilipungua sana. Walichohitaji hasa ni nyumba yenye ua, mlezi aliyefundishwa na watu wenye kuaminiana.

Ninyi mko ishirini na kitu. Chagueni boma lenye ua na choo, wekeni zamu ya watu wazima wawili, mwalikeni mhudumu wa afya wa jamii awafundishe huduma ya kwanza. Kila mama alete uji na kikombe cha mtoto wake. Hata kama ni asubuhi tatu kwa wiki wakati wa kuvuna, wasichana wangapi watapata likizo?

Maswali ya kujadiliana

1. Katika maboma yetu, ni nani anayemwangalia mtoto mdogo mama akiwa shambani? Ana umri gani?

2. Kina baba: ni kazi gani moja ya mtoto utakayoichukua likizo hii?

3. Nendeni nyumbani mkatazame. Ni hatari gani tatu mnazoweza kuziondoa leo kabla ya usiku?

4. Je, boma gani linafaa kwa zamu ya ulezi, na nani ataanza?

Tunawaomba katibu aandike majibu ya swali la nne. Mkutano wa mwezi ujao tutaanza hapo, kabla ya hesabu.